Mmea Mfupi Kando ya Falaji

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja huko Izki, nchi ya Waarabu, mwaka wetu wa pili tangu tuhame Tabora, nilipokuta mmea nisioujua kando ya falaji, ule mfereji unaopita shambani kwetu. Ulikuwa haufiki kiunoni, shina nene, umetanuka kama kichaka, matawi yamebanana, majani yana vidole vipana. Nikaumwagilia maji.

Mume wangu Salim, aliyekuwa ameajiriwa serikalini, aliuona akaniuliza kama si bangi. Nilimcheka. Bangi naijua, nikamwambia, kwetu huota ikampita mtu kimo, nyembamba, majani membamba. Kibeti hiki kitakuwaje bangi? Akaniamini, maskini. Sisi tuliotoka bara ndivyo tulivyokuwa, kila cha hapa tukikipima kwa cha kule.

Wiki ile akapita Mzee Khalfan, mzaliwa wa Unguja, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha mitende, kutia unga wa ua dume kwenye ua jike. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Alichuma jani, akalisugua kiganjani, akanipa ninuse.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Jicho lilisema siyo, pua ikasema ndiyo. Harufu ilikuwa ile ile ya bangi ya Tabora, ndani ya umbo nisilolijua.

"Binti yangu," akasema, "khalasi na fardhi hazifanani, na zote tende. Hii mbegu ya milima ya baridi huko ng'ambo. Watu wa kule wamechagua dume fupi na jike fupi, zinazowahi kukomaa, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa hivi. Wallahi, mumeo akishikwa nayo, kadhi hatauliza kimo chake."

Nikauliza nani basi kaipanda, na moyoni nilikwisha kumtuhumu jirani. Mzee akatazama kizimba cha ndege wa Salim pale barazani, akaniuliza nani anayekifagia. Mimi. Na makapi ya chakula chao nayamwaga wapi? Pale pale kando ya falaji. Kidogo nimfungishe mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku nikicheka. Tuliung'oa, tukauchoma, na mpaka leo sijui mbegu ile iliingiaje kwenye chakula cha ndege. Majivu yalipopoa ndipo Mzee Khalfan akasema, "Marahaba."

Basi shika neno langu. Ukiwa ugenini usiseme "naijua" kwa sababu tu uliiona kwenu, maana kitu kimoja huwa na sura nyingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama. Uliza, kuuliza si ujinga. Na kabla ya kumtuhumu jirani, tazama kwanza ulikomwaga taka zako.

Mungu akupe macho mema, mwanangu, na siku yatakapokudanganya, akuletee mzee asiyeharakia kuitikia shikamoo yako.