Saa Imerudi Nyuma, Jua Halijaguswa

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye duka la simu hapa Sumbawanga. Mama mmoja wa Chala, rozari mkononi, alikuwa ameikalia simu kama kuku anayeatamia. Binti yake, sista aliyeko Italia, humpigia hapo kila mwezi, saa nane kamili mchana.

Saa nane ikafika, simu kimya. Nane na nusu, kimya. Nje lori la mwisho la kwenda Chala likapiga honi.

"Mama Sista, leo umesahauliwa," akasema mwenye duka. "Wahi lori."

"Mwanangu hasahau," akajibu, akasogeza punje nyingine ya rozari. Lori likaondoka.

Saa tisa kamili simu ikalia. Tuliruka wote, mimi na kitambi changu.

"Mwanangu, unaumwa?"

Sauti ya sista ilisikika mpaka mlangoni. "Siumwi, mama! Nimepiga saa ileile. Huku baridi ikikaribia, nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Wamerudisha usiku wa kuamkia leo."

Mama akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Na jua limekubali?"

"Jua halijaguswa, mama. Ni saa tu."

"Na kuku wameambiwa?"

Miaka yote ya kuchekesha watu jukwaani nimelitafuta swali kama hilo, na nilipolipata nikashindwa kucheka. Watu wamegusa mshale wa saa Ulaya, lori limemwacha mtu huku kwetu Ufipa!

Mama alipotoka alikinga macho kwa kiganja, akaliangalia jua.

"Lipo palepale," akamwambia mwenye duka. "Na mwanangu pia."