Shoka Siku ya Sabato

Kompyuta ilikuwa moja tu, chumbani kwangu kule Nyacheki, nami niliigawa kwa kuandika amri: amri moja, kontena moja, yaani sehemu ya kompyuta inayojitegemea, kama nyumba ndogo yenye mlango wake. Likiharibika hili, lile halijui. Moja lilihifadhi rekodi za nyimbo za kwaya ya kanisa la baba, la watu wanaoshika Sabato. Jingine lilikuwa la duka la Mkatoliki mmoja sokoni. Kila Ijumaa, kabla ya jua kuzama, nililizima la kwaya. La duka liliendelea.

Jumamosi moja baba alitoka kanisani akasikia feni ya kompyuta ikivuma. Akaingia na shoka la kuni.

"Mashine inafanya kazi Sabato ndani ya boma langu?"

"Tata, lenu nililizima jana! Hili ni la watu wengine!"

Alinisukuma, kichwa kikagonga ukuta. Akaipiga kompyuta mara tatu. Vyuma viliruka vikamchana mkono, damu ikatapakaa mezani. Nilimshika ukosi wa shati nikamtikisa, mimi mwanawe, nikimfokea usoni kwamba makontena yote yalikaa kwenye diski moja.

Hakuelewa, mpaka nilipomwambia kwamba sauti ya marehemu mama akiimba na kwaya hatukuwa nayo mahali pengine popote.