Sehemu ya Tatu, kwa Sauti ya Koko

Mwezi uliopita nilipanda kutoka Beni kwenda Butembo kwa arusi ya binamu, na pale Mususa, mtaa wetu wa zamani, nikamkuta mtoto wa dada yangu amelala kwenye kanape la sebuleni, simu juu ya kifua, anatazama filamu ya mapigano. Nikamuuliza ni sehemu ya ngapi. Akajibu bila kugeuza macho kwamba ni ya sita, lakini ni ya bure, kwa sababu filamu za namna hii ya kwanza tu ndiyo ya maana. Nikakaa chini. Rafiki yangu, kuna makosa ambayo mtu mzima hawezi kuyaacha yapite.

Sisi tuliokulia Mususa tunajua kwamba ya kwanza ni maandalizi. Ya pili ndiyo filamu. Katika ya pili bunduki haiishi risasi, kama chupa ya mafuta ya yule mjane wa Biblia. Katika ya tatu gari linaruka mto na kutua upande wa pili bila hata kioo kupasuka, na shujaa anaanguka kutoka mlimani, anajipangusa vumbi, anaendelea na safari. Hata Lazaro alihitaji kuitwa. Huyu aliamka mwenyewe.

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na televisheni na groupe ya kuwashia umeme. Jumamosi mchana, tukishateka maji na kufagia kiwanja, alipanga mabenchi ndani ya depo yake ya vyuma na kuziba dirisha kwa gunia. Mle ndani mlinuka petroli na mahindi ya kuchoma, na baridi ya Butembo ilitufanya tubanane vizuri. Filamu zilisema Kifaransa. Wengi wetu hatukukisikia. Ya kwanza tuliitazama kama watu wanaochungulia ugomvi wa nyumba nyingine: mtu anapiga watu, hatujui wamemkosea nini.

Siku ya kuonyesha ya pili, koko, nyanya yetu, alikuja kutuita tukachambue maharagi. Alikuwa shemasi kanisani, na sinema hakuipenda. Akasimama mlangoni, lungo mkononi, akauliza yule kijana anapigania nini. Akatazama kidogo, kisha akajibu mwenyewe: wamemfukuza kwao, sasa anarudi kumtafuta mama yake. Watu wakasogea, wakampa nafasi kwenye benchi. Maharagi yakachambuliwa mlemle.

Koko hakujua Kifaransa hata cha kuombea chumvi. Lakini tangu siku ile yeye ndiye aliyetutafsiria, na kila mtu aliyekufa kwenye filamu tulijua ukoo wake na kosa lake.

Msimu ule watu wengi walipanda kutoka Beni wakikimbia mauaji. Mama mmoja wa Mulekera, huko Beni, alipewa chumba katika kiwanja chetu. Kijana wake alikuwa amebaki nyuma, na hakuna aliyeweza kumwambia yuko wapi. Mchana alitusaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo. Jumamosi alikuja depo, akaketi kando ya koko. Wengine walipocheka, yeye hakucheka.

Mimi wakati ule nilikuwa nimeanza kusikia Kifaransa cha shule. Shujaa alisema maneno mawili ya ukali, koko akatoa sentensi nne za huruma. Sikumwambia mtu. Niliogopa tu siku ambayo mtu mwenye Kifaransa kamili angeingia.

Akaingia siku ya kuonyesha ya tatu. Alikuwa mwalimu mgeni, serikali ilimtuma kutoka Kasai, shati lake limechomekwa vizuri. Akaketi benchi la nyuma. Shujaa alikuwa juu ya gari-moshi, anapiga kelele ndani ya simu, na koko akatafsiri kwa utulivu: anamwambia mama yake kwamba amechelewa sababu ya njia, si sababu amemsahau.

Mwalimu akainua kichwa. Mama wa Mulekera akamwona, akageuka mzima.

“Mwalimu, weye unasikia Kifaransa. Ni vile anasema kweli?”

Jirani akapunguza sauti ya televisheni. Koko hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama juu ya lungo. Mwalimu alimtazama yule mama, akatazama lori linalowaka moto kwenye kioo cha televisheni, akamtazama tena.

“Ni vile, mama. Mais mimi ningetafsiri vibaya. Koko anasikia mambo yenye mimi hapana sikia.”

Mama akaitikia kwa kichwa. Gari liliporuka mto, alicheka, na sisi watoto tukageuka kumwangalia yeye badala ya gari.

Nje, mwalimu alimshika koko mikono yote miwili, akamwambia kwamba ya nne alishaiona Kinshasa na haikuwa nzuri, basi atangoja aione hapa. “Wasingya,” koko akamshukuru kwa Kinande, kisha akamwuliza kama amekula. Alikula fufu kwetu siku ile na Jumamosi nyingi baadaye. Yeye alipoondoka, nilimwuliza koko anajuaje kwamba yule kijana wa filamu ana mama. Akaniambia, “Mutu hapana pigana vile bila mutu wa kumurudilia.”

Kijana wa mama wa Mulekera alifika kabla ya mvua kuisha, juu ya pikipiki, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Sisemi filamu ndiyo ilimleta. Nasema tu kwamba tulipoonyeshwa ya nne, mama yake alimketisha benchi la mbele na kumweleza yaliyotokea katika ya pili na ya tatu, na hakukosea hata jambo moja.

Mwalimu alihamishwa. Jirani aliuza televisheni, na depo sasa ni ya kuuzia saruji. Koko tulimzika karibu na kanisa lake. Mtoto wa dada yangu anatazama peke yake, waya masikioni, na hakuna anayemsogelea.

Filamu zile nimezitazama zote tena, kwa Kifaransa, na sasa kila neno nalisikia. Nakuambia kwa uhakika, wamekata mengi. Mama wa shujaa hayumo kabisa.