Nafundisha mlo kamili, lakini uji wa mtoto wa dada ulikuwa unaliwa na kuku

Wakuu, heshima kwenu kutoka huku Issenye, Serengeti.

Haya yametokea nyumbani kwangu, chumvi sijaongeza. Mtakaonicheka nimewasamehe mapema.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Kwenye masuala ya lishe kata nzima inanijua. Hata msibani nikikaa karibu yako naweza kuikagua sahani yako.

Sasa dada yangu anauza mitumba Sirari, mpakani. Binti yake, Ghati, yuko kidato cha pili. Mwaka huu alianguka paredi, akazimia.

Hospitali wakapima weee, ugonjwa hakuna. Daktari akasema huyu binti asubuhi haweki kitu tumboni, anashindia soda na krips, halafu anachelewa kulala kwa ajili ya simu.

Dada akanipigia: "Mdogo wangu, mchukue. Nimeongea mpaka koo limekauka. Wewe ndiye msomi."

Wakuu, nilifurahi. Nilijiona nimepata field ya kuonyesha utaalamu.

Ghati akahamia kwangu. Nikampa sheria: kuamka mapema, uji wa ulezi, maji ya kutosha, simu inabaki sebuleni.

Kila asubuhi nasimama mlangoni na chai yangu ya rangi, kiatu kimoja mguuni, nampa somo la wanga na protini.

Siku moja akaniuliza, "Mamdogo, na wewe unakula saa ngapi?"

"Mimi ni mtu mzima."

Mume wangu, fundi pikipiki, akacheka bila kuinua macho kwenye simu yake.

Lakini nilikuwa naona matokeo. Kikombe cha Ghati kinarudi cheupe. Staff room nikaanza kujisifu, kwamba vijana wanahitaji tu msimamo.

Kuku wangu nao wakanenepa kipindi hicho. Nikamsifu aliyeniuzia chakula cha kuku.

Jumamosi moja Ghati akaanguka tena, safari hii bombani. Jirani akamleta kwa bodaboda, amemkumbatia asidondoke.

Nilimlaza mapajani. Mkono wake ulikuwa mwembamba, nikaogopa kuushika. Utaalamu wote ukaniisha, nikabaki nalia tu.

Alipopata nguvu ndipo akasema ukweli. Uji wote alikuwa anawamwagia kuku nikiingia ndani kutafuta kiatu cha pili.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si ati ni mbaya, mamdogo. Ni vile mnanisimamia kama askari. Hata kwetu mama hutoka mapema, nakula peke yangu. Haushuki."

Hapo nikafeli. Na mimi ndiye huwa natunga mitihani.

Kesho yake mume wangu, ambaye hajui protini wala vitamini, akaamka akapanga vikombe vitatu jikoni. Simu yake akaiacha sebuleni. Akaniambia, "Mwalimu, kaa chini."

Nikakaa. Akaanza kutusimulia habari za mteja aliyesukuma pikipiki kutoka mbali akilia injini imekufa, kumbe mafuta yameisha. Ghati akacheka mpaka uji ukampalia.

Lakini aliumaliza.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Kwenye simu aliyepata taabu ni mume wangu, wiki ya kwanza alikuwa anapita sebuleni kuichungulia kama mgonjwa aliyelazwa. Ghati yeye alikuwa analala fofofo.

Taratibu mashavu yakarudi. Sasa anacheza netiboli na hajaanguka tena. Staff room wananiuliza siri. Nawaambia ni sayansi.

Likizo akaenda Sirari. Juzi dada kanipigia, mkali kweli.

"Umemharibu mtoto! Eti hanywi uji mpaka nikae naye. Nitafungua kibanda saa ngapi?"

"Kwa hiyo umemwambiaje?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Nimekaa," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Kumbe ana hadithi nyingi huyu mtoto. Sikujua."

Nilichojifunza, wakuu: kijana wa umri huu hotuba anazo za kutosha. Mvutie kiti, na wewe ukae.

Wenye vijana wanaogoma kula, nyie mlifanyaje? Leteni uzoefu hapa. Walimu wenzangu, kejeli tumeni inbox.