Mgeni wa Bwana Ramesh

Hata leo, mtu akipita na viatu vya mbao kwenye sakafu, ko, ko, ko, mwili wangu unasisimka. Mlio huo unanirudisha Tukuyu, miaka ya ruksa, maduka yalipojaa tena sabuni na vitenge, na mama alipokuwa akipeleka maziwa kila asubuhi Makandana, nyumbani kwa Bwana Ramesh, mwenye duka la vitambaa. Nami nilimfuata, nimeng'ang'ania upindo wa kitenge chake.

Mwaka huo Bwana Ramesh alipata mgeni kutoka India, mwalimu wao wa dini. Walimwita Guruji. Alikuwa mzee mwembamba mwenye shuka la rangi ya machungwa, ndevu hadi kifuani, majivu kwenye paji la uso na viatu vya mbao miguuni. Kila mama alipoingia na maziwa, mzee alisimama, akakutanisha viganja, akainama. Mama alicheka kwa haya njia nzima ya kurudi. "Mtu mzima kama yule anainuka kwa ajili yangu mimi, muuza maziwa!"

Mimi sikucheka. Uvumi wa wachuna ngozi, watu waliosemekana kuua ili wauze ngozi za binadamu, ulikuwa umetanda kila mahali, na shuleni tulishakubaliana kwamba majivu yale ni ya mifupa ya watoto.

Asubuhi moja yenye ukungu, tukikatiza mashamba ya chai ya Ibighi, nilisikia ko, ko, ko juu ya mawe ya njia. Guruji alikuwa katika matembezi yake, nyuma yetu kidogo. Nikapiga ukelele. Hapo hapo wachuma chai wakatokea kila upande.

"Mchuna ngozi! Asiondoke!"

Jirani yetu Lusajo alikuwa ameinua panga. Jiwe likampata mzee begani. Hakukimbia; alikaa topeni, viganja vimekutana. Nilijikojolea.

Mama aliniachilia mkono. Alipenya katikati ya watu, akampigia mzee goti kama anavyowaamkia wakubwa.

"Ugonile, tata," alisema kwa sauti, kwa lugha yetu ya nyumbani. Umelalaje, baba. Kisha akamgeukia Lusajo. "Huyu ni mwalimu wa dini, mgeni wa Ramesh. Kama mnamtaka, anzeni na mimi."

Mama akamwinua mzee, akaniita, tukashika njia ya mjini sote watatu. Kundi lilitufuata hadi mlangoni kwa Ramesh. Sikuthubutu kugeuka hata mara moja.

Miaka mingi niliisimulia asubuhi ile kama habari ya ujasiri wa mama, hadi siku moja, amekwisha kuzeeka, akanikatiza.

"Ujasiri gani, Atupele? Miguu ilikufa ganzi. Mzee ndiye aliyenivusha. Njia nzima alininong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: 'Mama, vuta pumzi. Hawa watu hapana baya. Hawa ogopa tu.'"

Ndipo nikaelewa kwa nini, kwenye ugomvi wa mipaka ya migomba na hata kwenye vikao vya kanisa, mama aliuliza kwanza kila mtu anaogopa nini. Nikaelewa pia kwa nini, siku chache tu baada ya tukio lile, alimpelekea Lusajo maziwa. Mimi nilikuwa nimeliona panga tu. Lusajo alikuwa ameona mtoto wa jirani akipiga ukelele ukunguni, na mtu asiyemjua akija nyuma yake. Panga lile aliliinua kwa ajili yangu.