Siku Mama Alipolipia Kochi

Dada yangu mkubwa amepanga nyumba Litein, orofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, na dirisha la sebule linatazama mashamba ya chai. Chumba kimoja ni chake. Kile kingine anawakodishia wageni wanaomtafuta kwa simu, wengi wao watu wa Nairobi wanaotaka kuamka waone majani mabichi. Mimi nilikuwa nalala kwenye kochi. Nilikuwa nimezunguka Kitale, Naivasha na Malindi, kazi hii leo, kazi ile kesho, na nikarudi nikidhani nimefika nyumbani.

Sikuwa nimefika. Kila mgeni akikaribia, dada alitoa picha ya marehemu baba ukutani na kuitia kwenye gunia chini ya kitanda chake, pamoja na viatu vyangu na Biblia yenye jalada lililochanika.

"Mgeni hataki kuona maisha ya watu," aliniambia. "Anataka kuona nyumba."

Wageni wakiondoka walimpa nyota kwenye simu, naye alizisoma kama mtoto anayesoma matokeo ya mtihani. Mmoja aliandika kwamba nyumba ni safi, ila jikoni kuna harufu ya maziwa na moshi. Tangu siku hiyo kibuyu cha mursik kilipigwa marufuku. Maziwa yetu ya mgando, yaliyotulea yeye na mimi, yalifukuzwa na mtu aliyelala siku mbili akaenda zake!

Sisi tulilelewa upande wa Mulot. Nakumbuka mvua ilipokata barabara, mchuuzi mmoja wa blanketi, mtu wa Nyeri, akalala kwetu wiki nzima. Mama alimpisha kitanda. Mtu yule alipotaka kulipa, mama alicheka mpaka akakaa chini. "Nikuuzie usingizi?" alimwambia. "Kwani ni mimi niliutengeneza?"

Mwaka jana huyo mama alihitaji pa kulala. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ya Litein ilimtaka afike asubuhi na mapema apasuliwe la kulia. Dada alikuwa ameambiwa wiki mbili kabla. Hata hivyo alipokea mgeni.

Mama aliingia alasiri, kibuyu mkononi, mkono mwingine ukipapasa ukuta. Mgeni, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa sebuleni na kompyuta yake. Akamwangalia mama, kisha akamwangalia dada. Dada akamvuta pembeni karibu na mlango. Mimi nilikuwa jikoni, hatua chache tu, na nilisikia kila neno.

"Usijali, huyo ni mama wa kazi."

Nilidhani masikio yananidanganya. Dada alipoingia jikoni nilimwuliza, "Umesema nini?"

"Punguza sauti. Nilimwandikia kwamba hapa tuko wawili tu. Unataka anipe nyota mbili?"

"Nenda umwambie ukweli."

"Wewe unayelala bure kwa kochi langu ndiye utanifundisha biashara?"

Kule sebuleni mama hakujua lolote. Kwake, mtu aliyekaa kwa mtoto wake ni mgeni, na mgeni haachwi akae mdomo mkavu. Alikuwa ameshaanza kumhoji kwa Kiswahili chake.

"Kijana, wewe natoka wapi? Mama yako iko?"

"Yuko, mathe. Niletee chai, tafadhali. Strungi, bila sukari."

"Strungi?" Mama alishtuka. "Kwani ng'ombe imekufa? Mimi nitakupa ya maziwa, upate nguvu ya kuoa."

Kijana alicheka, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai ile ya maziwa. Kisha akaingia chumbani na kutoka na shati. "Mathe, nipigie pasi hii kabla hujaenda."

Mama akalipokea. Akaliinua mpaka karibu na pua, akitafuta kola kwa macho yale yenye ukungu. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nililichukua shati lile mkononi mwake nikamrudishia mwenyewe.

"Huyu ni mama yetu," nilisema. "Ametuzaa sote wawili. Kesho anapasuliwa jicho."

Kijana akainuka haraka. "Pole sana, mama. Niliambiwa wewe ni mama wa kazi."

Maneno hayo mama aliyaelewa vizuri. Akamgeukia dada, akamwuliza kwa Kikipsigis, polepole, "Ni wewe ulisema hivyo?"

"Mama, ni maneno ya biashara tu."

"Huyu amelipa?"

"Amelipa."

"Ndiyo maana anatuma watu."

Mama akaketi kwenye kochi. Akafungua fundo la leso, akatoa pesa zake za maziwa, akaziweka mezani juu ya kikaratasi cha wageni chenye nywila ya intaneti.

"Nimelipia hili kochi," alisema. "Haya, na mimi ni nani atanipikia chai?"

Dada alianza kulia. Alijaribu kuzirudisha zile pesa kwenye leso, mama akamshika kifundo cha mkono na kuuondoa. Mwishowe dada alikwenda kuchemsha maziwa, kamasi zikimtoka, na akamletea mama kikombe kwa mikono miwili. Mama alikunywa. Hakusema kongoi, neno letu la asante, na mama ninayemjua huwashukuru hata watoto wanaompisha njia.

Jicho lilipasuliwa salama. Baada ya siku chache alitakiwa kurudi daktari alitazame. Dada alifunga chumba, akatandika mashuka mapya, akarudisha picha ya baba ukutani, akapiga simu mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona akimpigia yeyote. Mama alijibu kila mara kwamba amesikia. Kisha akashuka Litein na kulipia chumba kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na steji, penye kelele za boda boda na godoro jembamba kama chapati.

Nilimfuata pale. Nilimkuta ameketi kitandani, bandeji usoni, mkoba mapajani. Nilimsihi twende nyumbani. Nilikuwa na hasira na dada, na yule kijana, na hata na yeye.

"Hapa nikilipa naitwa mgeni," aliniambia. "Kule bado sijui nitaitwa nani."