Niliotesha Ulezi Chumba cha Kompyuta

Ule mwaka mvua iliozesha maharage shambani, tukala kiburu cha ndizi tupu mpaka watoto wakauliza kama bado kinaitwa kiburu, ndio mwaka nilioharibu kazi ya watu wa mlima mzima. Ni mimi. Mwizi hakuwepo.

Chama chetu cha kahawa kilileta kompyuta. Majina ya wakulima wote, kutoka tambarare mpaka kule juu msitu unapoanzia, pamoja na mibuni ya kila mmoja, yakaingizwa humo. Wakaweka mlango wa chuma na nondo dirishani. Ufunguo nikapewa mimi mfagiaji, kwa sababu kijiji kizima kinaujua mdomo wangu. Nje alilinda Meku Ndesa, mzee mwenzangu, ambaye hakuruhusiwa hata kuchungulia.

Kijana wa kompyuta, wa kutoka mjini Moshi, aliniambia asiingie mtu. Akanionyesha sanduku la disketi, akasema hizo ni nakala, mashine ikifa majina yatafufukia humo. Basi nikalinda! Mwenyekiti mwenyewe alikuja siku moja, nikamrudishia mlangoni, nikamwambia akaongoze mikutano.

Kumbe wa kuzuiwa nilikuwa mimi.

Mwezi wa saba ukaja na ukungu wake. Kipaimara cha mjukuu wangu kimekaribia, mbege, pombe yetu ya ndizi, haipikwi bila kimea, na ulezi wangu kwa baridi ile umegoma kuota. Sasa ile mashine haizimwi, na mgongoni inapuliza joto zuri kama ng'ombe aliyelala. Nikaona ni dhambi joto lile lipotee bure. Wiki ile kijana alikuwa ameshuka mjini. Nikatandaza ulezi uliolowa nyuma ya mashine, nikaufunika kwa gunia bichi, na ili gunia lisifunuke nikalikandamiza kwa kitu kizito kilichokuwa karibu. Lile sanduku la nakala.

Jamani, uliota! Sijawahi kupata kimea kama kile.

Panya nao walisikia harufu. Wakapitia tundu la nyaya, wakala ulezi, wakashushia na nyaya. Kijana aliporudi, mashine ilikuwa kimya na disketi zimelowa kama maandazi kwenye chai.

Kitasa kizima, nondo nzima. Mwenyekiti akamgeukia Meku Ndesa, akasema lazima aliniibia ufunguo akawafungulia wezi, aende akalinde migomba yake. Mzee wa watu akabaki anakunjakunja kofia. Mimi ufunguo uko shingoni, nimenyamaza. Kimya kile ndicho kinachoniuma mpaka leo, si kompyuta.

Kijana akainama nyuma ya mashine, akatoka na gunia lenye majani ya kijani.

"Shikamoo bibi," akasema polepole. "Hii ni nini?"

"Marahaba. Ni kimea. Kiweke chini taratibu, kisikatike."

Meku Ndesa akarudishiwa kazi yake. Wakulima wakashuka na tope mpaka magotini, kuandikwa upya mmoja mmoja, kila anayepita ananitazama.

Siku ya kipaimara walikuja kunywa hivyo hivyo. Jirani yangu akanyoosha kata: "Nimiminie, bibi. Nasikia jina langu limo humu, nilitafute." Wakacheka mpaka wakamwaga. Meku Ndesa peke yake aliisukuma kata yangu mbele ya watu. Kwetu huku, afadhali upigwe kofi.

Ninyi mnaolinda vitu vya watu, mkishafunga mlango jiulizeni aliyebaki na ufunguo ni nani. Na nakala msizilaze chumba kimoja na mama yao. Na mwenzako akisingiziwa, fungua mdomo kabla gunia halijaonekana.

Baadaye chama kikaleta kompyuta nyingine. Mwenyekiti akapanda mpaka kwangu, akanisifu kwamba hakuna mwizi aliyewahi kunipita. Ni kweli, hakuna.

"Ufunguo wa watu sishiki," nikamwambia.

Akabembeleza. Akasema safari hii watanipa na kachumba ka pembeni, kenye joto, nioteshee humo ulezi wangu kwa nafasi. Nikakafikiria kachumba kale. Nikakafikiria sana.

"Ufunguo wa watu sishiki."